Mtoto Ana Ukambi: Chunga Macho Yake

Mtoto anashikwa na homa kali, anakohoa, mafua yanatoka na macho yanakuwa mekundu. Baada ya siku chache vipele vinatokea usoni na kushuka mwilini. Wazazi wengi husema, "Ni ukambi tu, utaisha." Ni kweli, homa huisha. Lakini kuna watoto waliopona ukambi (wengine huuita surua) wakabaki vipofu.

Kwa nini macho huuma?

Ukambi wenyewe huwasha macho, na mtoto hukimbia mwanga. Hayo kwa kawaida hupona. Hatari ni mwili kukosa vitamini A, ambayo hulinda kioo cha mbele cha jicho kisikauke. Ukambi hula akiba ya vitamini hiyo, na mtoto naye hataki kula, pengine anaendesha. Aliyekuwa amedhoofika tayari huishiwa upesi. Kioo hukauka, hupata kidonda, na kidonda chaweza kutoboka kwa siku chache tu. Kikipona huacha chamba cheupe.

Dalili za kukimbilia hospitali:
- Mtoto hataki kabisa kufungua macho.
- Usaha unatoka.
- Jicho limepoteza mng'ao, au kuna doa jeupe.
- Anajikwaa giza likiingia.

La kufanya

1. Kila mtoto mwenye ukambi apelekwe zahanati, hata kama macho hayamsumbui. Atapewa vitamini A kulingana na umri wake, leo na kesho. Macho yakiwa na shida, hupewa tena baada ya wiki 4 hadi 6. Kwa hivyo rudini!
2. Safisha macho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila jicho na kitambaa chake safi.
3. Usitie majani, mkojo, maziwa ya mama, wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Dawa nyingine huzidisha kidonda.
4. Usimnyime chakula. Anyonye, apewe uji na mayai, tena mara kwa mara.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu

Hapa Kenya chanjo ya ukambi hutolewa mtoto akifika miezi 9, na tena miezi 18. Wengi huenda ya kwanza, ya pili wanasahau. Vitamini A nayo hutolewa kila miezi 6, kuanzia miezi 6 mpaka atimize miaka mitano. Shambani tunayo pia: sukuma wiki, mchicha, majani ya kunde, malenge, mapapai, maembe na viazi vitamu vya rangi ya machungwa. Mboga zipikwe kwa mafuta kidogo ili vitamini iingie mwilini.

Kwa mkutano wenu ujao

Kila mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano aje na kijitabu cha kliniki. Angalieni pamoja: ni nani amekosa chanjo ya pili? Kisha jiulizeni: mtoto akiumwa macho usiku wa leo na mzazi hana nauli, mfuko wa kikundi utamsaidia namna gani?