Bwana Mkubwa Anapopimwa na Walio Chini Yake

Mara moja kila mwaka, mfanyakazi wa Japani aliyeajiriwa mahali penye watu 50 au zaidi huletewa maswali ya kujaza. Orodha inayotumika zaidi ina maswali 57. Huulizwa kama kazi imemzidi nguvu, kama usingizi humjia usiku, kama mgongo na mabega vinamuuma. Kisha, kama kwa kupitia tu, huulizwa habari za mkubwa wake wa kazi. Je, waweza kuzungumza naye bila kujibana? Ukipatwa na shida, ni mtu wa kutegemewa? Na ukimweleza jambo lako binafsi, atakupa sikio? Majibu ya kuchagua ni manne tu, kuanzia "sana mno" hadi "hapana kabisa".

Ndugu msomaji atauliza, kuna ajabu gani hapo? Ajabu ni kwamba kwa miaka mingi mkubwa wa kazi alipimwa kwa kilichotoka kiwandani: magari mangapi, redio ngapi, faida kiasi gani. Wale walioyatoa magari hayo hawakuulizwa kitu. Leo wao ndio walioshika mizani.

Wajapani hawakufika hapo kwa kupenda maswali. Mwaka 1969 kijana wa miaka 29, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya kusafirisha magazeti, alifariki kwa kiharusi baada ya kazi nyingi isiyokuwa na mapumziko. Kifo chake huhesabiwa kuwa cha kwanza kutambuliwa kwamba kilisababishwa na kazi. Baadaye likazuka neno la kuvitaja vifo vya namna hiyo, karoshi, na mwaka 1982 madaktari watatu wakakiita kitabu chao kwa jina hilo. Sheria ya kuzuia karoshi ilitungwa mwaka 2014. Lakini siku ya Krismasi ya mwaka 2015 binti wa miaka 24, mwajiriwa mpya wa kampuni kubwa ya matangazo ya biashara, alijiua. Mwaka uliofuata wakaguzi wa serikali wakathibitisha kwamba kazi ya kupindukia ndiyo iliyomfikisha huko. Nchi nzima ilitikisika. Kuanzia Aprili 2019 saa za ziada zikawekewa kikomo: 45 kwa mwezi katika hali ya kawaida, na hata shughuli zikiwa nyingi mno, zisifikie 100 katika mwezi wowote.

Sheria yaweza kuhesabu saa. Haiwezi kuhesabu jinsi mkubwa anavyomtazama mtu anayetaka kurudi nyumbani saa kumi na moja jioni ilhali wenzake bado wameinama juu ya meza. Hapo ndipo wataalamu walipoanza kuuliza juu ya uongozi wenyewe, na fikra moja iliyowavutia ni ile ya uongozi wa utumishi.

Fikra hiyo, kwa jina hilo, ilitoka Marekani. Robert Greenleaf alifanya kazi karibu miaka 40 katika kampuni ya simu ya AT&T, akastaafu mwaka 1964, na mwaka 1970 akatoa kijitabu kueleza kwamba kiongozi wa kweli huanza kwa kuwa mtumishi. Alisema amelipata wazo hilo katika hadithi ya Mjerumani Hermann Hesse juu ya kundi la wasafiri. Mtumishi wao, Leo, huwabebea mizigo na kuwachangamsha. Siku anapotoweka, safari yote inavunjika. Hatimaye inajulikana kwamba Leo ndiye aliyekuwa mkuu wa jumuiya iliyoanzisha safari. Kipimo cha Greenleaf kilikuwa chepesi kutamka na kigumu kutimiza: waangalie wale wanaohudumiwa. Je, wanakua? Wana afya na uhuru zaidi kuliko jana?

Japani ilikuwa na mifano yake kabla ya jina hilo kufika. Mwishoni mwa mwaka 1929, uchumi wa dunia ulipoporomoka na maghala kujaa bidhaa zisizonunuliwa, Konosuke Matsushita, mwenye kiwanda cha vifaa vya umeme, alishauriwa apunguze wafanyakazi. Akakataa. Alipunguza uzalishaji kwa nusu, watu wakafanya kazi nusu siku kwa mshahara kamili, na wote wakashiriki kuuza bidhaa zilizolala ghalani mpaka zikaisha. Katika miaka ya 2000, Morio Ikeda, rais wa kampuni ya vipodozi ya Shiseido, aliichora kampuni yake kama piramidi iliyopinduliwa: wauzaji wanaosimama mbele ya wateja juu kabisa, naye rais chini, akiwabeba.

Hata hivyo, tusidanganyike na picha. Haruka Nishimatsu, rais wa shirika la ndege la Japan Airlines tangu mwaka 2006, alisifiwa duniani kwa kupanda basi kwenda kazini, kula katika kantini pamoja na wafanyakazi, na kuupunguza mshahara wake hata ukawa chini ya ule wa marubani. Januari 2010 shirika likafilisika. Aliyeitwa kuliokoa, Kazuo Inamori, mzee wa miaka 78, alifanya kazi bila mshahara na kuhubiri wema kwa wenzako. Na bado katika mageuzi hayo ajira kama 16,000 zilipotea kabla shirika halijarudi sokoni Septemba 2012. Nani kati yao alikuwa mtumishi zaidi? Aliyebaki kazini na aliyefukuzwa hawatatoa jibu moja. Ndiyo maana kipimo kinahitajika.

Kipimo kimoja kinachojulikana sana kilitungwa Uholanzi mwaka 2011 na Dirk van Dierendonck na Inge Nuijten. Kina kauli 30 zinazogusa mambo manane, nayo ni kuwapa watu uwezo, kuwadai wajibu wao, kurudi nyuma wenzako wasifiwe, unyenyekevu, ukweli wa nafsi, ujasiri, kusamehe, na kutunza maslahi ya wote. Msomaji aangalie kwamba kudai wajibu kumo. Mtumishi wa namna hii si mkubwa anayeacha kila mtu ajifanyie apendavyo. Kauli zenyewe ni za kila siku: je, mkubwa wako hujifunza anapokosolewa? Huendelea kumsimanga mtu kwa kosa alilokwisha litenda zamani?

Kuzihamisha kauli hizo hadi Kijapani si kazi ya kamusi. Desturi ni mtu mmoja kutafsiri, na mwingine asiyeyaona maandishi ya awali kuirudisha tafsiri katika lugha ya kwanza, ili ionekane palipopotoka. Hata jina lilileta taabu. Katiba ya Japani ya mwaka 1947, kifungu cha 15, inawaita maofisa wa umma watumishi wa jamii nzima, na ina neno la Kijapani la heshima kwa hilo. Lakini katika habari za uongozi Wajapani wamelichukua neno la Kiingereza na kulitamka sabanto. Sisi tulio na "mtumishi wa umma" na "mtumwa" katika lugha moja tutawaelewa upesi: maneno mawili yaliyozaliwa tumbo moja, na hakuna anayetaka kuitwa la pili.

Taabu kubwa zaidi ilikuwa katika namna ya kujibu. Mjapani akipewa ngazi za majibu hupenda kusimama katikati, tena huona haya kutangaza furaha yake. Kipimo cha ari ya kazi kilichobuniwa Uholanzi na Wilmar Schaufeli na wenzake kilipotumika huko, wafanyakazi wa Japani walionekana kuwa na ari ndogo kuliko watu wa nchi nyingi. Akihito Shimazu na wenzake walilichunguza jambo hilo, na mwaka 2010 wakaeleza kwamba sehemu ya tofauti hiyo yatokana na desturi ya kuzuia maneno ya furaha. Kwa hiyo alama tatu ya Osaka si lazima iwe alama tatu ya Amsterdam, na anayepanga mataifa kama timu za mpira kwa takwimu hizo anajidanganya.

Tafiti za nchi nyingi zimeona kwamba mfanyakazi anayempa mkubwa wake alama za juu za utumishi kwa kawaida huwa na ari zaidi na uchovu mdogo. Lakini mara nyingi mtu yule yule hujibu yote mawili kwa wakati mmoja, na aliyeamka na moyo mkunjufu humwona hata mkubwa wake kuwa mwema. Wachunguzi waangalifu humrudia baada ya miezi kadhaa. Wengine humfuata hadi nyumbani: Shimazu na wenzake waliwauliza wazazi wa watoto wadogo mjini Tokyo, mume na mke wote wakiwa waajiriwa, wakaona kwamba ulevi wa kazi huandamana na mgongano kati ya kazi na familia na kuchafuka kwa moyo. Mke na watoto hawamfahamu mkubwa huyo hata kwa sura, lakini ndio wanaopokea kinachosalia jioni.

Limebaki jambo la hofu. Katika yale maswali ya kila mwaka, yaliyoanza Desemba 2015, sheria inaagiza majibu ya mtu yarudishwe kwake mwenyewe, na mwajiri asiyaone bila ridhaa yake. Hesabu za idara huweza kutolewa kwa jumla, ila kundi likiwa chini ya watu kumi kwa kawaida hazitolewi, mtu asije akatambulika. Utaratibu ni mzuri. Lakini aliyeonekana kulemewa, akitaka kumwona daktari chini ya mpango huo, hana budi kupeleka maombi kwa mwajiri, na kwa kuomba tu amekwisha jitangaza. Haishangazi kwamba waombaji ni wachache.

Mwezi Mei 2025 sheria ilirekebishwa ili wajibu huu uvifikie hata viwanda na maduka yenye watu pungufu ya 50, katika muda usiozidi miaka mitatu. Humo wamo mafundi wanaofanya kazi watu sita katika chumba kimoja, na mkubwa wao anaufahamu mwandiko wa kila mmoja.