Kufuli la Majasusi Ndani ya Simu

Mfanyabiashara wa ng'ombe anayelipwa kwa M-Pesa kwenye mnada wa Bissil, kaunti ya Kajiado, huenda hajui kwamba simu yake ya Android inalindwa kwa sehemu na kazi ya majasusi wa Marekani.

Desemba 2000, NSA, shirika linalosikiliza mawasiliano ya dunia kwa niaba ya Washington, lilitoa hadharani programu iitwayo SELinux. Kabla yake, mdukuzi aliyenyakua mamlaka ya juu ndani ya mfumo alifanya atakalo. SELinux humbana: kila programu na kila faili hupewa lebo, na kiini cha mfumo hukagua nani aguse nini. Ni kama boma la Mmaasai, ambamo aliyepenya ua wa miiba bado hukuta zizi la ndama limefungwa. Mwaka 2003 iliingizwa katika Linux, msingi wa Android, 2013 ikafika Android 4.3, na toleo la 5.0 likaitekeleza kikamilifu. Msimbo wake uko wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kuuchambua; ndiyo maana hata wasioiamini NSA huutumia.

Windows ina kisa kichungu zaidi. NSA iliisaidia Microsoft kuimarisha Vista na Windows 7. Lakini ilipogundua ufa mmoja katika Windows, iliukalia kimya kwa miaka na kuugeuza silaha, EternalBlue. Machi 2017 Microsoft ikatoa kiraka. Aprili, kundi la Shadow Brokers likaimwaga silaha hiyo mtandaoni. Mei 12, programu haribifu iitwayo WannaCry ikaitumia kufunga faili katika nchi zaidi ya 150, ikidai dola 300 kwa kila kompyuta, na hospitali za Uingereza zikafuta maelfu ya miadi. Brad Smith, rais wa Microsoft, alizilaumu waziwazi serikali zinazolimbikiza nyufa.

Kiraka kilikuwepo miezi miwili kabla ya shambulio hilo. Kwa hiyo mwenye saiba Kitengela, anakojazia wateja ritani za kodi za KRA, akizima masasisho ili kuokoa bando, anauacha mlango kama huo wazi.

Novemba 2017 Marekani ilichapisha utaratibu wa kuamua ufa upi utangazwe na upi ufichwe, na Januari 2020 NSA yenyewe ikaiarifu Microsoft kuhusu kasoro ya Windows 10. Kenya nayo, kwa sheria ya 2018 ya uhalifu wa kompyuta, iliunda kamati ya NC4 ya kuratibu vita dhidi ya uhalifu huo, ambamo mkurugenzi mkuu wa NIS, shirika la ujasusi la Kenya, huketi pamoja na gavana wa Benki Kuu. Mkazi wa Kajiado ana haki ya kuiuliza kamati hiyo: majasusi wetu wakigundua ufa katika simu yake, watamwarifu mtengenezaji, au watauweka akiba?