Barua pepe taka: jinsi ya kuzitambua na kuzipunguza

Anayepokea wageni Mkwiro, awe na nyumba ya kulaza au mashua ya kwenda Kisite-Mpunguti kutazama pomboo, hulazimika kutangaza anwani yake ya barua pepe. Lakini anwani iliyo wazi kwenye intaneti huokotwa na programu za kukusanya anwani, na barua zisizotakikana huanza kumiminika.

Barua hizo ni za aina mbili, na kila aina ina dawa yake.

Matangazo ya kampuni halali: Fungua barua, shuka hadi chini na ubonyeze sehemu ya kujiondoa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kukataa matangazo. Kampuni ikikaidi, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Barua za matapeli: Usijibu wala usibonyeze kiungo chochote, hata cha kujiondoa, kwani tapeli atajua kuwa anwani inatumika. Iripoti kuwa taka. Jihadhari na “mgeni” anayedai amelipa kupita kiasi na kuomba arudishiwe salio kwa M-Pesa. Hakikisha kwanza kwamba pesa zake zimeingia benki.

Tumia anwani mbili: moja ya wageni, nyingine ya benki na eCitizen. Kagua folda ya taka kila siku, kwani barua ya mgeni wa kweli huenda imetupwa humo.