Hewa isiyo na pa kutokea haipozi injini

DEREVA anayetoka kisiwani Mombasa kwenda Kwale hukutana na mitihani mitatu katika safari moja. Kwanza ni foleni ya feri ya Likoni, ambako gari husimama huku injini ikinguruma. Pili ni barabara tambarare inayopitia Ng’ombeni hadi Kombani. Tatu ni mlima wa kuingia Kwale, mji ulio zaidi ya mita 300 juu ya usawa wa bahari kwenye vilima vya Shimba.

Gari lililopita mitihani miwili ya kwanza bila taabu huweza kushindwa katika wa tatu. Mshale wa joto hupanda, na mwenye gari huanza kutafuta dawa. Wapo wanaong’oa plastiki zilizo chini ya injini ili ‘ipumue’. Wengine huinua boneti kidogo upande wa kioo cha mbele ili joto litoke. Nia ni njema, lakini dawa hizo mara nyingi huzidisha maradhi.

Ili kuelewa sababu, sharti tuanze na mafuta. Katika gari la petroli, chini ya theluthi moja ya nguvu iliyomo katika mafuta ndiyo hufika kwenye magurudumu. Sehemu kubwa ya iliyosalia hugeuka joto. Baadhi yake hutoka kupitia ekzosi, na baadhi hubebwa na maji hadi kwenye rejeta, ambako hewa huyapoza.

Hata hivyo, hewa ina gharama yake. Mwendo ukiongezeka kutoka kilomita 40 hadi 80 kwa saa, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne, na nguvu inayohitajika kuushinda huongezeka mara nane. Hewa inayoingia kwa mbele, ikagongana na rejeta na vyuma vya injini, huweza kuchangia asilimia 5 hadi 10 ya ukinzani wote huo. Ndiyo maana mhandisi hutamani kuziba uso wa gari lipite kwa wepesi, lakini huogopa kuichoma injini.

Tatizo ni kwamba matundu ya mbele hupimwa kwa ajili ya hali ngumu kuliko zote: gari lenye mzigo, mlimani, kwa mwendo wa pole na kwenye joto kali. Baina ya Ukunda na Msambweni, gari likienda kilomita 80 kwa saa, hewa inayoingia huwa nyingi kuliko inayohitajika. Baadhi ya magari ya kisasa yametatua jambo hili kwa vilango vinavyojifunga na kujifungua nyuma ya grili. Toyota Prius ya kizazi cha nne, iliyozinduliwa mwaka 2015, ni mojawapo.

Kwa gari lisilo na vilango hivyo, jibu linapatikana katika nyumba za Pwani. Kila mjenzi anajua kwamba dirisha linaloelekea kusi halileti ubaridi chumbani ikiwa ukuta wa pili hauna tundu. Upepo huingia pale tu unapoweza kutoka. Rejeta nayo ni vivyo hivyo. Hewa huipenya kwa sababu shinikizo la mbele ni kubwa kuliko la nyuma yake. Likilingana, hewa husimama hata kama uso wa gari uko wazi kabisa.

Hapo ndipo makosa yale mawili hudhihirika. Ukingo wa plastiki unaoning’inia chini ya bampa hupunguza shinikizo chini ya gari, na hivyo huvuta hewa ya moto itoke chini ya injini. Bamba la chini nalo hulainisha njia ya hewa. Ukiving’oa, huenda ukapoteza mafuta na ubaridi kwa pamoja. Kuhusu boneti, sehemu iliyo mbele ya kioo ni mahali ambapo hewa hujazana gari likiwa kasini. Ukiinua boneti hapo, badala ya joto kutoka, hewa huweza kuingia na kuziba njia ya ile inayotoka kwenye rejeta.

Lililo bora ni kuhakikisha kwamba hewa iliyoingia inapita ndani ya rejeta, si kandokando yake. Mianya kati ya grili na rejeta izibwe kwa mpira au sponji ngumu. Kava linalozunguka feni lisiachwe likiwa limevunjika, kwani foleni ya Likoni haina upepo wa mwendo, na feni ndiyo tegemeo pekee. Taa za ziada na mabango yasiwekwe mbele ya matundu. Keria isiyo na mzigo nayo iteremshwe, kwani haipozi chochote na hula mafuta.

Kwa wakazi wa Diani na Msambweni, chumvi ya bahari hula mapezi membamba ya rejeta, na vumbi huyaziba. Yaoshwe kwa maji yasiyo na kasi kubwa, injini ikiwa imepoa. Dawa ya rejeta itumike kwa kipimo cha mtengenezaji, wala thamostati isitolewe, kwa kuwa injini isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na kuchakaa mapema.

Mshale ukipanda mlimani, zima kiyoyozi, washa hita, kisha tafuta mahali salama pa kusimama. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali moto: maji yaliyo chini ya shinikizo huweza kuruka na kukuunguza vibaya.

Kwa mwenye teksi au matatu, gasketi iliyoungua ni siku kadhaa bila mapato. Kabla ya kutoboa, kung’oa au kuinua chochote, na ajiulize swali moja: hewa hii ikiingia, itatokea wapi?