Mto Mmoja, Mashamba Mengi

Mkulima wa mpunga hupenda kuona maji shambani. Maji yakijaa majarubani, moyo wake hutulia. Anajua kwamba chakula kitapatikana, na fedha ya sare za watoto itapatikana. Lakini maji hayo yametoka mtoni, na mto hauishii shambani kwake. Huko chini wapo watu wengine, ng'ombe wengine na mashamba mengine. Wote wanangoja maji hayo hayo.

Katika somo hili tutasoma habari za Mto Ruaha Mkuu. Tutaona maji yake yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Tutaona kwa nini mto huu mkubwa ulianza kukauka. Kisha tutaona jinsi wakulima wanavyoweza kupata chakula bila kuumaliza mto.

1. Safari ya maji

Usangu ni nchi tambarare. Sehemu yake kubwa iko katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya. Kando yake kuna milima ya Uporoto na Kipengere. Milimani mvua ni nyingi. Tambarare mvua ni chache, kiasi cha milimita 700 hivi kwa mwaka. Tena hunyesha msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Kwa hiyo watu wa Usangu hula mvua iliyonyesha milimani. Maji huwafikia kwa mito.

Mito hiyo ni Ruaha Mkuu wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine midogo. Yote huteremka mpaka Usangu. Huko katikati ya tambarare kuna kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu.

Ihefu ni kama mtungi mkubwa. Wakati wa masika mtungi hujaa. Wakati wa kiangazi hutoa maji kidogo kidogo. Mdomo wa mtungi huo uko mahali paitwapo Ng'iriama, penye mwamba. Maji yakiwa juu ya mwamba, hupita na kuendelea na safari. Maji yakishuka chini ya mwamba, hayapiti tena. Hapo mto hukatika.

Maji yakivuka Ng'iriama hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yakanyweshwa wanyama. Kisha huingia katika bwawa la Mtera, halafu bwawa la Kidatu. Huko huzungusha mitambo ya umeme. Mwisho huingia Mto Rufiji na kufika Bahari ya Hindi.

Tazama basi safari hiyo. Maji yale yale hulisha mpunga, hunywesha watu, mifugo na wanyama, hutoa umeme, na hutunza samaki wa Rufiji.

2. Mto unakatika

Zamani Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima. Masika ulikuwa mkubwa, na kiangazi ulikuwa mdogo, lakini haukukauka. Mwaka 1993, wakati wa kiangazi, mto ulikauka ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Baada ya mwaka huo, kukauka kukawa jambo la kawaida karibu kila kiangazi. Viboko walisongamana katika madimbwi machache. Watu walichimba mchangani kutafuta maji ya kunywa.

Lawama zikaanza. Wakulima waliwalaumu wafugaji. Wafugaji waliwalaumu wakulima. Watu wa mijini, walipopata mgawo wa umeme, waliwalaumu wote wawili. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji wengi katika Usangu pamoja na mifugo yao. Lakini viangazi vilivyofuata, mto uliendelea kukauka.

Sababu ni nini? Wataalamu walikwenda mitoni wakapima maji. Waliona kwamba wakati wa masika maji huwa mengi, na huwatosha watu wengi. Taabu iko kiangazi. Wakati huo maji ya mito ni machache sana, lakini mifereji huendelea kuyachukua usiku na mchana. Maji mengine huenda kwenye bustani na kwenye vitalu vya mpunga. Hayo yana kazi. Lakini mengine humwagika kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa, au hutuama kandokando ya mifereji. Jua huyakausha bure. Hayalishi mtu wala hayarudi mtoni.

Mfereji mmoja ukichukua kidogo, mto hauoni. Mifereji mia ikichukua kidogo kidogo, hakuna kinachobaki. Ihefu haipokei maji. Maji yake hushuka chini ya mwamba wa Ng'iriama, na mto hukatika.

3. Banio la zamani na banio la zege

Banio ni mahali pa kuzuia maji ya mto ili yaingie mferejini. Zamani wakulima wa Usangu walitengeneza mabanio kwa miti, mawe, majani na udongo. Mabanio hayo yalikuwa na taabu yake. Mafuriko yaliyabomoa, na watu walilazimika kuyajenga upya kila mwaka. Tena yalivuja.

Baadaye yalijengwa mabanio mengi ya zege yenye malango ya chuma. Hayabomoki ovyo wala hayavuji. Wakulima walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tufikiri kidogo. Maji yaliyovuja katika banio la zamani yalikwenda wapi? Yalikwenda kwa jirani wa chini. Banio la zege linaweza kuchukua karibu maji yote ya kiangazi, wala lisivuje hata tone.

Je, banio la zege ni baya? Hapana. Lango lake linafunguliwa, na pia linafungwa. Ubaya ni kulifungua na kulisahau. Mwenye lango zuri anapaswa kujua kazi mbili: kazi ya kufungua na kazi ya kufunga.

4. Tufanye hesabu

Watu wengine husema, "Maji ya ziada shambani kwangu ni kidogo tu." Hebu tufanye hesabu.

Chukua shamba la ekari moja. Mwaga maji juu yake mpaka yafike kina cha sentimita 1 tu. Maji hayo ni karibu lita 40,000. Ndoo kubwa hubeba lita 20. Kwa hiyo sentimita 1 ya maji kwenye ekari moja ni sawa na ndoo 2,000.

Sasa tuseme mkulima amezidisha sentimita 5. Hizo ni ndoo 10,000. Familia inayotumia ndoo 5 kwa siku ingetumia ndoo hizo kwa siku 2,000. Siku 2,000 ni zaidi ya miaka mitano!

Kumbe sentimita 5 za ziada katika ekari moja ni maji ya nyumba moja kwa miaka mitano. Mama wa kijiji cha chini anayeamka alfajiri kwenda mbali kutafuta ndoo moja, maji yake yanaweza kuwa yametuama shambani kwa mtu bila kazi.

5. Mambo ya kufanya

Haifai kumwambia mkulima aache mpunga. Mpunga ni chakula chake na ndiyo fedha yake. Linalofaa ni kulima kwa maji yanayotosha. Yafuatayo ni mambo ambayo wakulima wanaweza kuyafanya wenyewe.

Kwanza, gawaneni maji kwa zamu. Maji yakiwa machache, yakigawanywa kwa mifereji yote siku moja, hayafiki popote. Hulowesha mifereji yakaishia njiani. Afadhali mfereji mmoja upate maji ya kutosha leo, na mwingine kesho. Zamu iandikwe. Kila mtu asome jina lake na siku yake. Hii ni faida mojawapo ya kujua kusoma: mwenye nguvu hawezi kubadilisha zamu kwa maneno matupu.

Pili, otesheni vitalu pamoja. Kila mtu akiotesha kitalu chake mbali na kwa wakati wake, mfereji mzima hujazwa maji kwa ajili ya vipande vidogo. Vitalu vikiwa mahali pamoja karibu na banio, maji kidogo hutosha.

Tatu, sawazisha jaruba. Jaruba lenye mabonde na vilima hudanganya. Ili maji yafunike sehemu ya juu, sehemu ya chini hujaa kupita kiasi. Jaruba likiwa sawa, maji machache hulifunika lote. Tengeneza kingo imara, na ziba matundu ya panya na kaa.

Nne, jaribu kilimo shadidi. Katika kilimo hiki miche hupandwa ikiwa michanga, ya siku 8 hadi 12. Hupandwa mmoja mmoja kwa mistari, kwa nafasi ya sentimita 25. Maji hayaachwi shambani wakati wote. Huingizwa, kisha huachwa yakauke mpaka udongo uanze kupasuka kidogo, halafu huingizwa tena. Mizizi hupata hewa na mpunga huchipua machipukizi mengi. Wakulima wa Mkindo, mkoani Morogoro, wamekitumia kilimo hiki. Lakini tusifichane: maji yakipungua, magugu huota zaidi. Kwa hiyo palizi lazima iwe ya mara kwa mara. Anza na jaruba moja dogo, ulinganishe na mengine.

Tano, safisheni mifereji kabla ya msimu. Mfereji wenye majani na tope hupoteza maji mengi njiani.

Sita, fungeni banio baada ya kuvuna. Mashamba yakiwa yamevunwa, maji yaachwe yaende mtoni. Mwacheni mkulima wa bustani achukue kiasi cha bustani yake, siyo mto mzima.

Saba, tunzeni kingo za mto. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ukingo ukilimwa, udongo huingia mtoni na kujaza mifereji.

6. Maji ya kunywa kwanza

Tanzania ina sheria ya kusimamia maji ya mwaka 2009. Sheria hiyo huweka mbele maji ya matumizi ya nyumbani. Yafuata maji ya kuutunza mto wenyewe. Mashamba na kazi nyingine huja baada ya hayo. Kikundi kinachotaka kuchukua maji ya mto kwa mfereji kinahitaji kibali cha kutumia maji. Kwa Usangu, kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Kibali hutaja kiasi cha maji. Kisomeni, mjue mmeruhusiwa kiasi gani. Watumiaji wa mto mmoja wanaweza pia kuunda jumuiya yao ya watumia maji, wakakaa pamoja watu wa juu na watu wa chini.

Kumbuka tena kwamba maji ya mfereji siyo salama kwa kunywa. Yachemsheni. Msikojoe wala kujisaidia ndani ya mifereji au kandokando yake. Mayai ya kichocho hutoka katika mkojo na choo na kuanguliwa majini; wadudu wake huingia katika konokono wa majini, kisha hutoka na kumwingia mtu kupitia ngozi. Mtoto anayeoga mferejini yuko hatarini.

7. Mchezo wa mto

Miaka ya mwanzo ya 2000, wakulima wa Usangu walionyeshwa mchezo wa kuwasaidia kujadiliana habari za maji. Unaweza kuchezwa hata katika darasa hili.

Tafuteni ubao mrefu na mpana. Chongeni mfereji mmoja katikati, ndio mto. Chongeni mashimo pande zote mbili, ndiyo mashamba. Inamisheni ubao. Wekeni vijiti mtoni, ndivyo mabanio. Kisha mwageni gololi kutoka juu. Gololi ndizo maji.

Mara ya kwanza, kila mtu aweke kijiti chake apendavyo. Mtaona mashimo ya juu yanajaa mpaka gololi zinamwagika, na ya chini yanabaki matupu. Sasa badilishaneni: aliyekuwa juu aende chini, aliyekuwa chini aende juu. Mchezeni tena. Kisha kaeni mzungumze: vijiti vikae vipi ili kila shimo lipate gololi, na nyingine zifike mwisho wa mto?

Kila mtu yuko chini ya mwingine. Wewe uliye juu ya jirani yako, yuko aliye juu yako. Unavyotaka akuachie maji, ndivyo na wewe umwachie wa chini.

Maswali ya kujadiliana

1. Maji ya Usangu yanatoka wapi?
2. Kwa nini mto hukatika maji ya Ihefu yakishuka chini ya mwamba wa Ng'iriama?
3. Banio la zege lina faida gani? Linaweza kuleta madhara gani?
4. Shamba lina ekari 3. Mkulima amezidisha maji kwa sentimita 2. Amepoteza ndoo ngapi za lita 20?
5. Kijijini kwenu, nani ana kazi ya kufunga maji? Kama hakuna, mngependa kumchagua nani, na kwa utaratibu gani?
6. Andikeni zamu ya maji ya wiki moja kwa mifereji minne.