Jozi ya Nane na Hasara ya Kusema Kwanza

Boom likishasoma kwenye akaunti, hosteli zinabadilika. Wapo wanaonunua mchele, wapo wanaolipa madeni, na siku hizi wapo wanaofungua poka kwenye simu. Ukikaa karibu nao utasikia lalamiko lilelile: "Mwanangu, nilikuwa na jozi, ningetupaje?" Nasoma Ualimu na somo langu la kufundishia ni hisabati, kwa hiyo swali hilo nalichukulia kama swali la mtihani. Lina jibu, na jibu lenyewe haliko kwenye ubora wa karata tu. Liko kwenye zamu ya kusema.

Tuanze na mchezo wenyewe. Katika Texas Hold'em, ambayo ndiyo poka inayochezwa zaidi mtandaoni, kila mtu anapewa karata mbili za siri. Mezani zinafunuliwa karata tatu kwa mpigo, kisha ya nne, kisha ya tano, na hizo ni za wote. Kabla ya kufunua na baada ya kila hatua kuna duru ya dau: unapita, unaweka, unafuata, unapandisha au unatupa. Fungu la katikati anachukua mwenye karata tano bora, au aliyebaki peke yake wenzake wakishatupa. Watu wawili hulazimika kuweka dau kabla ya kuona chochote, mmoja dau dogo na mwingine dau kubwa. Karata za mezani zikishaanza kufunuliwa, hao wawili ndio husema kwanza hadi mwisho wa mkono.

Aliyecheza michezo ya turufu barazani anajua raha ya kutupa karata mwisho: umeshaona wenzako wametoa nini. Kwenye poka raha hiyo inageuka kuwa pesa. Mwaka 2007 Annette Obrestad, binti wa Norway, alishinda shindano la mtandaoni la watu 180 akiwa ameficha karata zake mwenyewe, na kwa maelezo yake alizichungulia mara moja tu. Alitaka kuonyesha kwamba nafasi ya kukaa na kuwasoma wachezaji wengine vina uzito mkubwa. Mwaka huohuo alishinda shindano kuu la World Series of Poker Europe kule London, akiwa na miaka 18.

Sasa tuje kwenye jozi za kati, yaani kuanzia 7 hadi 10. Mtu anaweza kupewa karata mbili kwa michanganyiko 1,326, na jozi hizi nne zinachukua 24. Utazipata karibu mara moja katika mikono 55. Mtandaoni meza moja inaweza kupitisha mikono 60 kwa saa, hivyo anayefungua meza nne kwa pamoja anakutana na mtihani huu kama mara nne kila saa, huku saa ya kwenye kioo ikimhesabia sekunde.

Chukua jozi ya 8. Kabla ya karata za mezani ni nzuri kweli: ikipambana na A na K hadi mwisho, inashinda zaidi kidogo ya nusu ya mara zote. Tatizo linakuja karata tatu zikifunuliwa. Karata zinazoizidi 8, kuanzia 9 hadi A, ziko 24 kati ya 50 usizoziona. Uwezekano wa angalau moja kutokea kati ya zile tatu ni karibu asilimia 87. Uwezekano wa wewe kupata 8 ya tatu ni karibu asilimia 12, yaani mara moja katika nane au tisa. Kwa lugha ya hosteli: mara nyingi utabaki na kitu ambacho si kibaya cha kutupa wala si kizuri cha kutetea.

Tuone kwa hesabu. Dau dogo ni senti 5 za dola, dau kubwa ni senti 10 na ni lako. Anayesema mwisho anapandisha hadi senti 30, mwenye dau dogo anatupa, wewe unaongeza senti 20. Fungu lina senti 65. Mezani zinafunuka Q, 7 na 3. Unapita, mwenzako anaweka senti 40. Unatakiwa kulipa 40 ili fungu lifike 145, kwa hiyo unahitaji kuwa mbele kama asilimia 28 ya mara. Hesabu inakuvutia, unafuata. Inakuja 2. Unapita tena, anaweka dola 1. Sasa unaulizwa swali lilelile kwa bei zaidi ya mara mbili, na likipita hilo kuna la tatu. Kama kweli ana Q, zimebaki 8 mbili tu za kukuokoa, na kwa karata inayofuata hiyo ni karibu asilimia 4.

Geuza viti. Karata ni zilezile, ila wewe ndiye unayesema mwisho. Mwenzako anapita, na wewe ukitaka unapita, karata inayofuata unaiona bure. Akipita tena, umeshajua jambo kuhusu mkono wake bila kulipa. Jozi ya 8 haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni nani anamuuliza mwenzake maswali na nani anayajibu kwa pesa.

Kwa hiyo unafanyaje ukiwa wa kusema kwanza? Kwanza, angalia akiba ya mezani kabla ya kufuata. Kama tegemeo lako ni ile 8 ya tatu, unakosa mara saba au nane kwa kila mara moja unayopata, na hata ukipata mwenzako anaweza kukimbia. Wachezaji wengi hutumia kipimo cha mara 15: kufuata senti 20, nyote wawili muwe na angalau dola 3 zilizobaki. Pili, ukikutana na karata kubwa mezani, jozi inaweza kustahimili dau moja la wastani, lakini dau la pili kutoka kwa mtu asiyependa kudanganya ni ruhusa ya kutupa. Tatu, ukiwa na akiba ndogo, tuseme dau kubwa kumi tu, mara nyingi ni bora kuweka zote kabla ya karata za mezani au kutupa. Ukishaweka zote hakuna maswali yanayobaki, na faida ya mwenzako ya kusema mwisho inakufa hapo hapo.

Kuna jambo moja zaidi, na hili ndilo linalogusa boom. Tovuti haicheze dhidi yako, ila inakata sehemu ndogo ya mafungu. Tuseme inakata asilimia 5: fungu la dola 10 linamfikia mshindi likiwa dola 9 na senti 50. Wachezaji sita wenye uwezo sawa, wakizungushiana pesa zao usiku kucha, asubuhi wote kwa pamoja wana pungufu. Ndiyo maana kucheza jozi ya kati kwa usahihi kwenye kiti kibaya hakukufanyi utajirike. Mara nyingi kunapunguza tu hasara. Watu hupenda kumtaja Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani aliyepitia mchujo wa mtandaoni na mwaka 2003 akashinda dola milioni 2.5 Las Vegas. Ni kweli. Ila wengi waliotolewa kwenye mchujo uleule hawana wa kuwasimulia.

Anayeuliza "ningetupaje?" anaitazama jozi aliyoshika. Aitazame na foleni ya maswali iliyo mbele yake, na ajue kabla ya kulipia la kwanza kama ana uwezo wa kulipia la tatu. Kama pesa ya kulilipia ndiyo kodi ya chumba ya mwezi ujao, basi hiyo jozi inatupwa kabla hata karata hazijagawanywa.