Utangulizi: Kisiwa Kisicho na Bunduki

Ukishajulikana mtaani kwamba unasomea michezo ya video, jiandae kwa swali moja. Atakuuliza shemeji, atakuuliza jirani: gemu hii inafaa nyumbani penye watoto? Wapo wanataaluma wanaoliona swali hilo dogo, la wauza duka. Mimi ndilo ninalowakaribishia wageni wa taaluma hii, na huwa nalijibu kwa mchezo usiomwaga hata tone la damu.

Mchezo wenyewe ni Dear Esther. Mwaka 2008 Dan Pinchbeck, msomi wa Chuo Kikuu cha Portsmouth huko Uingereza, alikuwa na swali la kitafiti: ukichukua mchezo wa kufyatua risasi, ukaondoa bunduki, maadui, mafumbo na pointi, kinabaki nini? Akatumia mitambo ya Half-Life 2, mchezo maarufu wa risasi, akajengea juu yake kisiwa kitupu cha Hebrides, magharibi mwa Uskoti. Kilichobaki ni mtu anayetembea. Hakimbii wala haruki, na hana cha kuokota. Kila akifika mahali fulani, sauti ya mwanamume husoma kipande cha barua kwa Esther, mkewe, aliyefariki katika ajali ya gari. Vipande hivyo huchaguliwa kwa bahati nasibu, hivyo wewe na dada yako mnaweza kupita njia ileile mkasikia maneno tofauti.

Wengine waliudhika. Jina la dharau la kiigizi cha kutembea, kwa Kiingereza walking simulator, lilibandikwa kwa michezo ya aina hii. Hata hivyo msanii Robert Briscoe aliijenga upya sura ya kisiwa chote, Jessica Curry akatunga muziki, na mchezo ukaanza kuuzwa Februari 2012. Fedha za waliouwekezea zilirudi ndani ya saa zisizofika sita. Septemba 2016 ukatolewa tena kwa PlayStation 4 na Xbox One, kwa jina la Landmark Edition, safari hii ukiwa na maelezo ya watengenezaji wenyewe, ambayo unaweza kuyasikiliza huku ukitembea.

Hapa msomaji mpya atakutana na ugomvi wa kale wa taaluma yetu. Mwaka 2001, Espen Aarseth na wenzake walipoanzisha jarida la Game Studies, kulikuwa na kambi ya waliosema mchezo ni kanuni, na ya waliosema mchezo ni hadithi. Dear Esther uliwasumbua wote: hauna kanuni ya kushinda, na hadithi yake haikai mahali pamoja. Ugomvi huo umepoa sasa, na sioni sababu ya kukupotezea muda nao.

Turudi kwa shemeji. Akilishika kasha dukani ataangalia umri ulioandikwa. Marekani na Kanada wana ESRB tangu 1994. Ulaya wana PEGI tangu 2003, yenye ngazi za miaka 3, 7, 12, 16 na 18. PEGI huongeza vialama: ngumi kwa ugomvi, sindano kwa dawa za kulevya, hata buibui kwa hofu. Hakuna kialama cha kufiwa. Na kufiwa ndiko kunakoujaza mchezo huu kuanzia mnara wa taa ufukweni hadi mapangoni, ambako mchezaji huzama majini na kujikuta kwenye barabara kuu, ile ya ajali, chini ya bahari. Mzazi ajue pia mwisho wake: mchezaji hunyang'anywa uwezo wa kuongoza, anayetembea anapanda mnara wenye taa nyekundu, kisha anajirusha. Baadaye kivuli kinaruka juu ya maji kama cha ndege. Mtu mzima ataona ukombozi. Mtoto wa miaka tisa ataona mtu amejiua.

Kwa hiyo, usimwachie mtoto mdogo. Kwa kijana wa miaka kumi na minne aliye na mzazi ubavuni, nasema unafaa, tena sana. Nyumba nyingi kwetu mtoto akiuliza baba mdogo yuko wapi, huambiwa amesafiri. Mchezo huu hauulizi swali wala hauharakishi mtu, unaacha kimya kirefu kati ya barua moja na nyingine, na kimya hicho mzazi anaweza kukitumia kusema lile ambalo hakulisema siku ya msiba. Ni kama bao la barazani: anayetazama naye yumo mchezoni. Sauti ni ya Kiingereza, tena cha kishairi, basi mkubwa atalazimika kufafanua, na kufafanua ndiko kunakoleta mazungumzo. Mwenye kizunguzungu na akae mbali kidogo na runinga.

Wenye watoto wadogo waanze na A Short Hike, kazi ya Adam Robinson-Yu ya mwaka 2019, iliyofika Nintendo Switch mwaka uliofuata. Ndege mdogo aitwaye Claire anapanda kilele cha mlima ili simu yake ipate mtandao. Njiani anakusanya manyoya ya dhahabu, anavua samaki, anapiga soga na wapita njia, na hapotezi chochote akichelewa. Akifika juu, simu inalia: ni mama yake, ambaye ametoka kufanyiwa upasuaji. Hata katika mchezo wa rangi za pipi kuna hospitali. Sijawahi kuona kasha linalolitaja hilo.

Basi kabla ya kununua, tazameni umri ulioandikwa, halafu mkubwa mmoja acheze kwanza peke yake usiku watoto wakiwa wamelala. Dear Esther haumalizi saa mbili.